Thomas Sydenham: Askari Aliyeutambua Ugonjwa wa Mikono Isiyotulia

Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza ya mafunzo kwamba mwili ni wa kutii amri. Akiamriwa kusimama wima, husimama wima. Akiamriwa kutulia, hutulia hata nzi akimtambaa usoni. Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba sisi tuvaao sare, tumwonapo mtoto nyumbani hawezi kuutuliza mkono wake, tunakuwa wepesi wa kudhani kwamba mtoto huyo ni mkaidi na kwamba dawa yake ni fimbo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika nyumba za familia za askari hapa Kampala, tulimwona binti wa miaka 10 akimletea baba yake chai. Kabla hajafika mezani, mkono wake ulirushwa kando kana kwamba mtu asiyeonekana ameuvuta, na kikombe kikaanguka. Ilikuwa mara ya tatu katika juma lile. Mwalimu wake alikwisha kulalamika kwamba mwandiko wa mtoto umeharibika na kwamba hukunja uso kwa mzaha darasani. Baba yake, sajini mwenye sifa ya haki na mpenda watoto, alimchapa. Jirani mmoja alinong'ona kwamba mtoto amepandwa na pepo. Hakuna aliyefikiri kwamba ni mgonjwa, kwa kuwa hakuwa na homa wala hakulalamika maumivu. Sisi nasi tulikuwapo, tukanyamaza.

Tutarejea kwa binti huyo mwishoni. Kwanza twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita, ambaye naye alikuwa askari kabla ya kuwa tabibu, na ambaye aliuandika ugonjwa wa namna ile kwa uangalifu mkubwa hata jina lake limebaki juu yake hadi leo. Mtu huyo ni Thomas Sydenham.

Sydenham alizaliwa mwaka 1624 katika kijiji cha Wynford Eagle, jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa watu wenye mashamba na heshima katika nchi ile. Mwaka 1642 alipelekwa kusoma Oxford. Lakini masomo yake hayakudumu hata miezi michache, kwani mwaka ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Ukoo wa Sydenham ulishika upande wa Bunge. Kijana Thomas akaviacha vitabu, akarudi Dorset, akashika silaha pamoja na ndugu zake.

Vita vile viliwagharimu sana. Mama yake aliuawa na askari wa mfalme mwaka 1644. Ndugu yake Francis aliuawa mwaka uliofuata katika mapigano ya mji wa Weymouth, na ndugu mwingine, John, alikufa baadaye akiwa vitani Scotland. Thomas mwenyewe aliponea chupuchupu. Inasimuliwa kwamba safari moja aliachwa uwanjani miongoni mwa maiti, wenzake wakidhani kwamba amekwisha kukata roho. Askari yeyote aliyepata kuokotwa uwanjani ataelewa kwamba mtu wa namna hiyo hatazami tena mwili wa binadamu kwa macho yale yale ya awali.

Mapigano yalipotulia, kijana alipanga kurejea chuoni. Akiwa njiani alipita London, ambako daktari mmoja aitwaye Thomas Coxe alikuwa akimtibu ndugu yake. Mazungumzo na daktari huyo ndiyo yaliyombadilisha nia. Alikwenda Oxford safari hii akitaka utabibu, na mwaka 1648 akapata shahada yake ya kwanza ya tiba. Hata hivyo jeshi lilimwita tena. Mwaka 1651 alirudi kazini akiwa kapteni wa kikosi cha wapanda farasi, mpaka vita vilipokwisha. Mwaka 1655 alioa, na baadaye akafungua kazi yake ya utabibu katika mtaa wa Westminster mjini London.

Ni vema tuueleze utabibu wa siku zile ulivyokuwa. Matabibu wengi walijifunza magonjwa katika vitabu vya kale vya Wayunani na Warumi. Walibishana kwa Kilatini juu ya maji ya mwili, yaani damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe alitazamwa baada ya mabishano kwisha. Sydenham aliyakataa mazoea hayo. Alishika kanuni ambayo kila skauti wa jeshi anaijua: kwanza nenda ukaone, andika ulichokiona, si ulichotazamia kukiona, kisha ndipo upange mashambulizi. Aliketi kando ya kitanda cha mgonjwa siku baada ya siku, akaandika ugonjwa ulivyoanza, ulivyopanda na ulivyoshuka. Aliamini kwamba magonjwa yana aina zake na tabia zake kama mimea ya shambani, na kwamba mwenye subira aweza kuyatofautisha.

Kwa njia hiyo aliutenga ugonjwa wa surua na homa ya vipele vyekundu, ambayo wengi waliichanganya nayo. Mwaka 1666 alitoa kitabu juu ya tiba ya homa, na mwaka 1676 akakitoa upya kikiwa kimepanuliwa sana. Katika ndui alikwenda kinyume cha desturi. Wagonjwa wa ndui walikuwa wakifungiwa katika vyumba vya moto, madirisha yamezibwa, wamelundikiwa mablanketi mazito ili watoke jasho. Yeye aliamuru madirisha yafunguliwe, mablanketi yapunguzwe na mgonjwa anyweshwe vizuri. Alichekwa na wakubwa wa taaluma yake, lakini aliendelea. Alikuwa pia miongoni mwa matabibu wa Uingereza walioieneza matumizi ya gome la mti kutoka Peru kwa homa za vipindi. Gome hilo ndilo ambalo mwaka 1820 wanakemia wa Ufaransa walitoa kwinini ndani yake, dawa iliyookoa maelfu ya askari katika nchi zenye malaria kama yetu.

Hakuwa mtu mwenye afya. Tangu ujana alisumbuliwa na jongo na mawe ya figo, na usiku mwingine hakuweza kuvumilia uzito wa shuka juu ya kidole cha mguu wake. Mwaka 1683 aliandika juu ya ugonjwa wa jongo, na madaktari wa leo bado husifu maelezo yale, kwa kuwa mwandishi alikuwa tabibu na mgonjwa kwa wakati mmoja. Miongoni mwa marafiki zake alikuwapo mwanafalsafa John Locke, ambaye naye alisomea tiba na aliyekuwa akifuatana naye kwenda kuwatazama wagonjwa.

Mwaka 1686, miaka mitatu kabla ya kufa kwake, Sydenham alitoa kijitabu juu ya homa mpya iliyokuwa imeingia. Ndani ya kijitabu hicho aliweka kurasa chache juu ya jambo jingine kabisa: ugonjwa wa watoto uliowafanya wacheze bila kupenda. Aliuita ngoma ya Mtakatifu Vitus. Jina hilo halikuwa lake. Lilitokana na mambo ya karne zilizotangulia, wakati umati wa watu katika miji ya Ulaya, kama Strasbourg mwaka 1518, waliposhikwa na wazimu wa kucheza siku nyingi mfululizo, wakapelekwa kwa maombi ya mtakatifu huyo. Ugonjwa alioueleza Sydenham haukuwa ule. Jina lilikuwa la kuazima, lakini maelezo yalikuwa mapya.

Aliandika kwamba ugonjwa huwapata wavulana na wasichana, hasa tangu umri wa miaka 10 hivi hadi kubalehe. Huanza kwa mguu mmoja kulegea, mtoto akauburura kana kwamba ana upungufu wa akili. Kisha hudhihirika katika mkono wa upande ule ule. Mtoto akiuweka mkono kifuani, hawezi kuuacha hapo hata kwa dakika moja. Utavutwa huku na huku hata akijitahidi vipi. Akitaka kunywa maji, kikombe hakifiki mdomoni kwa njia iliyonyooka. Hukizungusha kama mwanamazingaombwe, na mara kikipata kukaribia midomo hukimimina chote kwa ghafla. Wenye kutazama hudhani kwamba anafanya vichekesho ili wacheke.

Hapo ndipo ulipo ukubwa wa mtu huyu, na twaomba msomaji asiupite kwa haraka. Katika zama zile mtoto mwenye mikono isiyotulia aliweza kuitwa mpumbavu, mtundu, au aliyeingiliwa na shetani. Sydenham hakumwita mtoto jina lolote kati ya hayo. Aliketi, akatazama jinsi kikombe kinavyokwenda, akaandika kwamba huu ni ugonjwa. Macho yale yaliyopata kutazama uwanja wa vita yalitazama kikombe cha maji mkononi mwa mtoto, wala hayakukidharau.

Lakini haki yatutaka tuseme pia alipokosea. Tiba aliyoitoa ilikuwa kumtoa mtoto damu na kumpa dawa za kuharisha, kwa zamu, siku baada ya siku. Leo twajua kwamba tiba ile haikuwa na faida, na kwa mtoto dhaifu ilikuwa ya hatari. Wala hakujua kwamba ugonjwa ule una uhusiano na koo, na viungo, na moyo. Aliona adui waziwazi, lakini hakujua alikotoka. Alifariki tarehe 29 Desemba 1689 nyumbani kwake katika mtaa wa Pall Mall, akazikwa katika kanisa la St James's mjini London. Miaka mingi baada ya kifo chake, taaluma ile ile iliyompuuza ilimwita baba wa tiba ya Kiingereza.

Kazi aliyoianza ilimalizwa na wengine kwa muda mrefu. Katika karne ya 19, madaktari wa Uingereza na Ufaransa walianza kugundua kwamba watoto wenye ngoma ile mara nyingi waliwahi kuugua homa ya baridi yabisi, ile inayovimbisha magoti na vifundo vya miguu, na kwamba wengi wao walikuwa na kasoro ya moyo. Katika karne ya 20 ndipo chanzo kilipojulikana kwa hakika. Ni bakteria aitwaye streptokoka, wa kundi ambalo madaktari huliita A, anayesababisha maumivu ya koo. Mwili wa mtoto ukipambana na bakteria huyo hutengeneza askari wake wa kinga. Kwa watoto wengine askari hao hukosea shabaha: badala ya kumpiga adui peke yake, hupiga pia sehemu za mwili zinazofanana naye. Hupiga viungo, hupiga vali za moyo, na wakati mwingine hupiga ile sehemu ya ndani ya ubongo inayoratibu miondoko. Wanajeshi wanaijua hatari hiyo. Ni risasi za upande wetu kuwapata watu wetu.

Jambo la pili lililogunduliwa linatuhusu sisi wa kambini moja kwa moja. Bakteria huyo huenea kwa kukohoa na kupiga chafya, hasa mahali watu wanapolala wakiwa wamebanana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kambi za makuruta wa Marekani ziliona wagonjwa wengi sana wa homa ya baridi yabisi. Baada ya vita, tangu mwaka 1949, madaktari wa jeshi lile walifanya uchunguzi katika kambi ya Warren, jimbo la Wyoming. Askari wenye maumivu ya koo yaliyoletwa na streptokoka walipewa penisilini, na wengine hawakupewa. Wale waliopewa hawakupatwa na homa ya baridi yabisi ila wachache mno. Basi ikathibitika kwamba koo likitibiwa vema, moyo huokoka. Ushahidi huo ulitoka kambini, kwa askari, na umewafaa watoto wa dunia nzima.

Sasa turudi nyumbani. Katika nchi tajiri ugonjwa huu umekuwa adimu, kwa sababu ya nyumba zenye nafasi na penisilini inayopatikana kwa urahisi. Katika Uganda bado upo. Madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyopo Mulago, hupokea vijana ambao vali za mioyo yao zimekwisha kukakamaa au kuvuja, na wengi wao hawakumbuki hata siku waliyougua koo. Wengine hugundulika wakiwa wajawazito, wakati moyo unapolemewa na mzigo wa watu wawili.

Lakini nchi yetu haikukaa kusubiri tu. Katika mkoa wa kaskazini, kwenye mji wa Gulu, madaktari wa Uganda wakishirikiana na wenzao wa nje waliwapima watoto zaidi ya 102,000 kwa mashine ya mawimbi ya sauti inayoonyesha moyo ukipiga. Watoto 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17, ambao mioyo yao ilionyesha dalili za mwanzo, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya majuma 4 kwa miaka 2. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika kundi lililochomwa sindano, watoto 3 tu mioyo yao iliharibika zaidi; katika kundi lisilochomwa, watoto 33. Hesabu hiyo imesomwa na madaktari wa dunia nzima, nayo ilipatikana hapa hapa kwetu.

Yafaa basi tueleze wazi namna ya kuutambua ugonjwa ambao madaktari sasa huuita kwa jina la Sydenham. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na wasichana kuliko wavulana. Huja mwezi mmoja hadi miezi sita baada ya maumivu ya koo, yaani wakati ambapo koo limekwisha kusahauliwa. Mara nyingi dalili ya kwanza haiko mkononi bali katika tabia: mtoto aliyekuwa mtulivu huanza kulia au kukasirika bila sababu. Kisha mwandiko huharibika. Vitu humponyoka. Uso hujikunja, mabega hurukaruka, maneno hukatika. Miondoko hiyo haina mpango wala haifanani. Haiji kwa mapigo ya ngoma. Huzidi mtoto akitazamwa au akigombezwa, na jambo la muhimu sana kukumbuka ni kwamba hutulia kabisa akilala usingizi.

Mzazi aweza kufanya majaribio machache ya ukaguzi. Mwambie mtoto atoe ulimi na kuushikilia nje. Mwenye ugonjwa huu ulimi wake huingia na kutoka kama wa mjusi. Mwambie aushike mkono wako kwa nguvu. Atakaza na kulegeza, akaza tena na kulegeza, kama mtu akamuaye ng'ombe. Mwambie aandike jina lake, kisha linganisha na daftari la miezi mitatu iliyopita. Majaribio haya si ya kumpa mtu cheo cha udaktari. Ni ya kumfanya aache fimbo na kushika njia ya hospitali.

Si kila mtoto atikisikaye ana ugonjwa huu, na hapo pia twahitaji jicho la Sydenham la kutofautisha. Mtoto mdogo mwenye homa kali akikakamaa na kurusha mikono na miguu, huyo ana degedege, na huenda ni malaria. Apelekwe usiku huo huo, asingojewe asubuhi. Mtoto aangukaye na kupoteza fahamu mara kwa mara achunguzwe kwa kifafa. Katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo kumekuwa na watoto wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa kama asinziaye, hasa waonapo chakula, na serikali ilifungua vituo vya kuwatibu mwaka 2012. Mtoto wa siku chache anayekaza taya na kukataa ziwa, kisha mwili ukajipinda, huenda ana pepopunda, nayo ni dharura. Wako pia watoto wenye kupepesa macho au kuinua bega kwa mtindo ule ule mmoja. Hao wengi hupona wenyewe wakikua. Kazi ya mzazi si kulijua jina la kila ugonjwa. Kazi yake ni kueleza kwa usahihi alichokiona: kilianza lini, upande gani, na je, hutulia usingizini.

Ama kuhusu tiba, mambo ni matatu. Kwanza, mtoto hupewa penisilini ili kuuondoa mzizi wa bakteria kooni. Mwenye kudhurika na dawa hiyo lazima aseme mapema ili apewe nyingine. Pili, moyo hupimwa kwa mashine, hata kama mtoto hana pumzi fupi wala maumivu ya kifua, kwa maana mikono yaweza kuwa inacheza huku vali za moyo zinaharibika kimya kimya. Tatu, miondoko yenyewe hutulizwa kwa mapumziko na mahali pa utulivu, na ikiwa ni mikali, daktari huandika dawa za kuituliza. Kwa watoto wengi miondoko hukoma baada ya miezi kadhaa.

Hapo ndipo pana mtego, na twaomba kila mzazi auone. Mikono ikitulia, familia hushangilia na kuacha kwenda hospitali. Lakini kila maumivu mapya ya koo yaweza kuamsha mashambulizi mapya juu ya moyo. Kwa sababu hiyo sindano ya penisilini huendelea kila baada ya majuma 3 au 4 kwa miaka mingi: miaka 5 walau, au mpaka mtoto atimize miaka 21, na zaidi ya hapo ikiwa moyo umekwisha kuguswa. Ni zamu ndefu ya ulinzi. Mlinzi haachi lindo kwa kuwa usiku mmoja umepita bila adui.

Kwa familia za askari zamu hiyo ina ugumu wake. Baba huhamishwa kutoka Kampala kwenda Arua au Moroto, mama hufungasha vitu kwa haraka, na kadi ya sindano ya mtoto hubaki katika droo ya nyumba ya zamani. Twashauri kwamba kadi hiyo ihifadhiwe pamoja na kitambulisho cha kazi na hati za ndoa, na kwamba jambo la kwanza katika kituo kipya liwe kuuliza sindano itachomwa wapi. Na mtoto yeyote mwenye maumivu makali ya koo, tezi za shingo zimevimba, wala hana mafua, apelekwe kwa mganga ndani ya siku 9 tangu maumivu yaanze. Sindano moja, au vidonge vya siku 10 vilivyomezwa vyote bila kuacha, huweza kumwepusha na yote tuliyoyaeleza. Mdharau mwiba, guu huota tende.

Sasa tumalizie habari ya binti yule. Siku chache baada ya kikombe kuvunjika, muuguzi mmoja aliyekuja kuwatembelea jirani zake alimwona akijaribu kufunga vifungo vya sare ya shule. Hakusema neno juu ya pepo wala ukaidi. Alimtaka atoe ulimi, akamshika mkono, kisha akamwuliza mama yake kama mtoto aliugua koo siku za karibuni. Mama alikumbuka: miezi mitatu iliyopita, juma moja, akapona kwa maji ya chumvi. Hospitalini moyo ulipopimwa, vali moja ilionekana kuvuja kidogo.

Mikono ilitulia kabla ya mwaka kwisha, na mwandiko ukarudi. Vali haikurudi kama ilivyokuwa, lakini haikuharibika zaidi. Kila mwezi sajini yule humpeleka binti yake mwenyewe kuchomwa sindano, hata akiwa ametoka zamu ya usiku. Hajawahi kutueleza lolote juu ya fimbo ile, nasi hatujamwuliza. Tunajua tu kwamba mtoto wa jirani alipomwaga uji mbele yake hivi karibuni, sajini aliinama kwanza, akamtazama mikono.

Thomas Sydenham hakuwa na penisilini, wala mashine ya kuona moyo, wala habari za bakteria. Alichokuwa nacho ni subira ya kutazama kabla ya kuhukumu. Sisi leo tunavyo vyote alivyovikosa, na hospitali ya kutupokea ipo. Basi askari mwenzetu, ukiona mkono wa mwanao haukutii, kumbuka kwamba huenda haumtii hata yeye mwenyewe. Weka fimbo chini, umtazame vizuri, kisha umpeleke kwa daktari ukiwa na habari kamili.